Mwongozo kamili: Kupanda treni ya mgodi ya Big Thunder Mountain na watoto bila kurudishwa getini

Kila likizo ya kiangazi ikikaribia napokea simu za aina moja. Familia imetoka Birmingham, Rotterdam au Hamburg, imelala Paris, imelipa tiketi za watu sita, na jioni imerudi hotelini mtoto analia. Wamefika Disneyland Paris, ile bustani kubwa ya michezo, wameiona kwa macho Big Thunder Mountain, rolakosta yake (treni ya mchezo inayopanda na kuteremka kwa kasi), wamesikia watu wakipiga kelele ndani yake. Hawakupanda.

Sababu hazizidi tano. Mtoto hakufikia kimo. Walifika saa sita mchana wakakuta foleni imejaa. Walipanda tawi lisilo lao la treni ya mjini. Walikosea wakaenda kwenye rolakosta nyingine iliyo jirani. Au mzazi mmoja alibaki na kichanga, hakuambiwa kwamba naye angepata zamu yake.

Mimi naishi Ubelgiji, na watoto wa kaka yangu nimewapeleka mara nyingi kiasi kwamba wananiita Shangazi wa Treni. Nimeandika hatua zote hapa, pamoja na sababu zake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka nyumbani

Tiketi yenye tarehe. Tiketi nyingi za Disneyland Paris ni za siku maalumu, na siku zenye watu wengi huweza kuisha. Mtoto wa chini ya miaka 3 halipiwi kiingilio.

Pasipoti ya kila mtu, na kibali cha kukaa kama unaishi Ulaya.

Futi ya fundi cherehani, kitabu cha jalada gumu na penseli. Usiviache hivi. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 1.

Simu yenye programu ya Disneyland Paris, na betri ya akiba. Programu hiyo huonyesha dakika za kusubiri kwa kila mchezo, na pia mchezo ukisimama ghafla.

Viatu vinavyofungwa mguuni. Ndala na viatu vya kutumbukiza mguu havifai kabisa kwenye treni hii.

Koti jepesi la mvua, vitafunio vya watoto na chupa ya maji. Vitafunio vya kawaida huruhusiwa. Usibebe chupa za kioo wala kisu cha kumenyea matunda, maana mabegi yote hupita kwenye mashine ya ukaguzi.

Na mtu mzima wa pili, kama yupo mtoto asiyefikia kimo.

Hatua ya 1: Pima mtoto nyumbani, na upime kweli

Kimo cha chini cha Big Thunder Mountain ya Paris ni mita 1.02. Umri hauulizwi. Wapo watoto wa miaka minne wanaopita na wa miaka mitano wanaobaki nje.

Naanza na hatua hii kwa sababu ndiyo iliyoniumiza. Mtoto wa pili wa kaka yangu nilimpima mlangoni jikoni akiwa amevaa raba zake nene, na nywele amefungwa mafundo mawili juu ya kichwa. Nikaona 1.03, nikamwambia, "Wewe unapanda." Miezi miwili aliihesabu siku. Tulipofika, fimbo ya kupimia ilishuka ikabonyeza yale mafundo, ikasimama juu ya utosi wake, na pengo likaonekana wazi. Mhudumu alichuchumaa akamweleza kwa upole. Kosa lilikuwa langu, na mtoto ndiye aliyelipa.

Pima hivi. Mvue viatu. Mfungulie nywele au zilaze. Asimame ukutani, visigino, makalio na mabega yakigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Weka kitabu utosini, ukingo mmoja ukibana ukuta ili kikae sawasawa, kisha chora mstari chini yake. Halafu pima kwa futi kutoka sakafuni hadi kwenye mstari. Rudia mara tatu, na usichukue kipimo kikubwa kati ya hivyo vitatu. Chukua kidogo.

Upime asubuhi na jioni pia. Mwili wa binadamu hupungua kidogo kadiri siku inavyokwenda, kwa kuwa uti wa mgongo unabanwa na uzito tunaposimama na kutembea. Mtoto aliye 1.02 kamili asubuhi anaweza kufika foleni ya jioni akiwa amepungua nusu sentimita.

Onyo: usimwekee mtoto vitambaa ndani ya viatu ili apite. Nimeona wazazi wakifanya hivyo, na naomba usifanye. Fimbo ya usalama hukaa mapajani, na imetengenezwa kwa mwili wa urefu fulani: mgongo uguse kiti, makalio yafike nyuma, na mapaja yawe na unene wa kuzuiwa na fimbo. Mtoto aliye mfupi kuliko hapo huteleza mbele treni inapopiga kona.

Umefaulu kama: bila viatu, kipimo kidogo kuliko vyote ni 1.02 au zaidi. Kama ni 1.01, mwambie mtoto leo, akiwa nyumbani kwake, na mpe mpango mwingine: ndani ya bustani ipo Casey Jr., treni ndogo ya sarakasi iliyo katika sehemu iitwayo Fantasyland, ambayo haina kimo cha chini. Mtoto aliyejua mapema ataisubiri Casey Jr. kwa furaha. Mtoto anayeambiwa getini ataichukia.

Hatua ya 2: Hakikisha karatasi

Anayeishi Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji au Sweden kwa kibali halali husafiri kwa pasipoti yake na kibali hicho. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen (ya kuingia Ufaransa na nchi jirani zake), hata kama kibali chake cha Uingereza ni cha kudumu. Familia nyingi hugundua hili zimeshalipia hoteli. Kila mtu huangaliwa kwa pasipoti yake mwenyewe, kwa hiyo kama watoto wana pasipoti za Uingereza na baba ana ya Kenya, watoto watapita na baba atabaki.

Hatua ya 3: Chagua siku

Kabla ya kununua tiketi, fungua ukurasa wa bustani unaotaja michezo itakayofungwa kwa matengenezo. Treni hii ina chuma, mbao, maji na mitambo ya moshi, vyote nje kwenye mvua na baridi ya Ufaransa, matengenezo hayaepukiki. Kati ya Novemba 2015 na Desemba 2016 ilifungwa zaidi ya mwaka mzima. Kufungwa kwa kawaida ni kwa muda mfupi, ila hata wiki mbili zinatosha kukuharibia safari kama ndizo wiki zako.

Epuka likizo za shule za Ufaransa, wikendi na sikukuu zao. Katikati ya wiki mwezi Januari, baada ya sikukuu kupita, kuna baridi kali lakini foleni hupungua sana. Kama huna budi kwenda Julai au Agosti, nenda, ila shika hatua ya 5 bila kuipunguza.

Hatua ya 4: Panda tawi sahihi la RER A

Bustani haiko ndani ya jiji la Paris. Iko Marne-la-Vallée, mashariki, mwendo wa dakika kama 40 kwa treni ya RER A kutoka katikati ya jiji. Stesheni ya mwisho inaitwa Marne-la-Vallée – Chessy, na ukitoka hapo mageti ya bustani yako mbele yako kwa miguu.

RER A hugawanyika baada ya stesheni ya Vincennes. Tawi moja huenda Marne-la-Vallée – Chessy, jingine huenda Boissy-Saint-Léger. Treni zote mbili hupita kwenye jukwaa lile lile mjini. Usipande kwa sababu treni imefika. Tazama ubao ulioning'inia juu ya jukwaa, soma jina la mwisho, na uone taa inayowaka pembeni ya Chessy. Ukishtuka umo kwenye tawi la Boissy, shuka, rudi Vincennes, anza upya. Hapo umepoteza nusu saa, na asubuhi ya bustani nusu saa ni kitu kikubwa.

Tunza tiketi ya treni hadi utoke. Mageti ya Chessy yanaihitaji, na wakaguzi hupita. Tangu Januari 2025 tiketi ya treni za mkoa wa Paris ina bei moja kwa umbali wowote, isipokuwa safari za viwanja vya ndege.

Wanaotoka London wajue kwamba Eurostar ya moja kwa moja hadi bustanini iliondolewa Juni 2023. Sasa hubadilisha treni Lille, au hushuka stesheni ya Gare du Nord mjini Paris, wakachukua RER hadi Châtelet – Les Halles na kuhamia RER A hapo. Wa Brussels tuna bahati, zipo treni za kasi zinazofika Chessy bila kupita mjini.

Umefaulu kama: unasimama mbele ya mageti angalau dakika 45 kabla ya saa ya kufunguliwa.

Hatua ya 5: Kutoka getini hadi stesheni ya mgodi

Hapa ndipo siku inapopatikana au kupotea. Watu wengi wakiingia husimama kupiga picha, wananunua kofia, wanakunywa chai. Saa tano wanakumbuka treni. Saa tano kila mtu amekumbuka treni.

Ukipita geti utaingia barabara yenye maduka pande zote, na mbele kabisa kasri. Sehemu unayoitaka inaitwa Frontierland, upande wa kushoto kabla ya kufika kwenye kasri. Nyuma ya maduka ya kushoto kuna ukumbi mrefu ulioezekwa, Liberty Arcade. Pita humo: hakuna msongamano wa wapiga picha, na mvua haikupati. Utatokea karibu na ngome ya mbao, Fort Comstock, ambayo ndiyo lango la Frontierland.

Ukishapita ngome utaona ziwa, na katikati ya maji mlima mwekundu wa mawe. Hapo ndipo wengi hupotea, maana wanautafuta mlango mlimani, na mlima uko kisiwani. Hakuna daraja la kuvukia. Stesheni iko upande wako wa maji, katika majengo ya mbao ya kampuni ya mgodi. Treni yenyewe ndiyo inayokuvusha, kwa handaki chini ya maji. Uzuri wa treni hii ya Paris umeanzia hapo; zile za California, Florida na Tokyo hazina kisiwa.

Onyo: jirani, upande wa Adventureland, kuna rolakosta nyingine ya vibehewa vya mgodi, Indiana Jones et le Temple du Péril. Ukiuliza njia kwa kusema "treni ya mgodi" unaweza kuelekezwa huko. Ile hupinduka kichwa chini miguu juu, na kimo chake ni mita 1.40. Taja jina: Big Thunder Mountain. Hii yetu haipinduki mahali popote.

Tazama pia saa ya kufunguliwa kwa treni yenyewe ndani ya programu, kwa sababu si lazima ilingane na ya geti. Kama treni inafunguliwa baadaye kidogo, nenda ukasimame hapo hapo. Dakika 20 za kusubiri mlango ufunguliwe ni bora kuliko dakika 80 za mchana.

Ukikosa asubuhi, subiri usiku. Watu wengi hukusanyika mbele ya kasri kwa ajili ya onyesho la mwisho, na foleni za michezo iliyobaki wazi hulegea. Kuna pia njia ya kulipia ya kupita foleni, inayouzwa ndani ya programu. Bei yake hupanda siku zenye watu. Mimi sijawahi kuona inafaa kwa familia ya watu sita iliyofika asubuhi. Kwa aliye na saa mbili tu kabla ya treni ya kurudi, inafaa.

Hatua ya 6: Foleni, mtoto mdogo, na mtoto anayeogopa

Kama una mtoto asiyefikia kimo, usiingie foleni kimya kimya. Mwambie mhudumu wa mlangoni kwamba mnataka kubadilishana. Utaratibu ni huu: mzazi mmoja anapanda na wakubwa, wa pili anabaki na mdogo, wa kwanza akirudi, wa pili hupanda bila kupanga foleni yote upya. Mama wengi wa Kiswahili niliowaona hapo wamekaa benchi na kigari cha mtoto siku nzima, wakidhani hiyo ndiyo sehemu yao. Dada yangu, ulilipa tiketi kama mwenzio. Uliza.

Mtoto anayeogopa ni habari nyingine, na nitakaa hapa kidogo.

Usimdanganye kwamba "hakuna kitu, ni kama basi." Akishuka handakini gizani atajua umemdanganya, na mchezo wa pili hatapanda hata ukimbembeleza kwa keki. Mwambie ukweli kwa mpangilio: kutakuwa na giza mwanzoni, kisha treni itavutwa juu mara tatu, kila mara itateremka kwa kasi, kutatokea kishindo, kisha giza tena, na hapo imekwisha. Karibu dakika 4. Mtoto anayejua idadi ya milima huihesabu, na anayehesabu haogopi sana.

Dawa nyingine ni meli. Merikebu kubwa za Thunder Mesa huzunguka kisiwa chenyewe. Mpandishe mtoto huko kwanza. Ataiona treni ikipita karibu, atawaona watoto wenzake wakicheka ndani, ataona mahali inapoingia ardhini. Wa kwanza wa kaka yangu alikataa asubuhi, akapanda meli saa saba, na jioni ndiye aliyenivuta mkono kwenda foleni.

Akikataa baada ya yote hayo, muache. Hata mkishafika jukwaani, mwambie mhudumu na mtatolewa bila tatizo. Mtoto aliyelazimishwa hukumbuka hofu. Aliyeachwa huomba kurudi.

Wasiopanda ni hawa: mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye maumivu ya shingo au mgongo, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Bibi aliyekuja kutembea kutoka Tanga akiwa na mgongo mzima, naye anataka, anaweza. Mama yangu alipanda akiwa na miaka 66.

Hatua ya 7: Chagua kiti kwa akili

Treni ina mabehewa 5, kila moja na safu tatu za watu wawili wawili, jumla abiria 30. Mhudumu akikupangia safu unaweza kumwomba nyingine. Maneno mawili yanatosha: "devant" ni mbele, "derrière" ni nyuma, ukimalizia na "s'il vous plaît". Huenda ukaombwa usubiri treni inayofuata. Subiri.

Tofauti ya mbele na nyuma ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Treni haina injini inayoisukuma kwenye mteremko. Kile kichwa cha moshi ni pambo, na kinachoiteremsha ni uzito wake. Sasa fikiria treni ndefu ikivuka kilele. Behewa la kwanza likipita juu, uzito mwingi bado uko nyuma unapanda, kwa hiyo la kwanza huteremka pole pole mwanzoni. Behewa la mwisho likifika kilele kile kile, nusu ya treni imeshashuka na inalivuta. Hulipita kilele kwa kasi, na wewe uliye ndani makalio yanataka kuachana na kiti.

Kwa hiyo mtoto wa mara ya kwanza, bibi, na mwenye kichefuchefu wakae mbele au safu za katikati. Anayetaka kuisikia treni yote aombe behewa la mwisho. Mbele kabisa si mahali pazuri pa kutazama, kwa kuwa kichwa cha treni kinakukinga macho.

Fimbo ya mapajani hushuka mara moja kwa watu wawili wa safu moja. Husimama kwenye mapaja ya aliye mnene zaidi. Ndiyo maana mtoto mwembamba akikaa na baba mwenye tumbo hubaki na nafasi kubwa mbele yake. Mpange mtoto na mtu mzima mwembamba kuliko wote katika familia. Mimi simkalishi mtoto mdogo peke yake wala na mtoto mwenzake.

Mavazi sasa. Mtandio uchomekwe ndani ya blauzi au koti, ncha zote. Pini zikaguliwe kabla ya kukaa, na sindano ndefu zitolewe. Buibui lifumbatwe chini ya mapaja lisipeperuke wala kunasa. Kofia ya baba ivuliwe iingie kwenye begi. Miwani ishikwe mkononi au iwe na kamba. Begi liwekwe sakafuni katikati ya miguu, mkanda wake ukizungushwa kwenye kifundo. Simu iwe mfuko wenye zipu. Simu iliyodondoka kisiwani haiokotwi kabla bustani haijafungwa, kama itaokotwa.

Umefaulu kama: fimbo imegusa mapaja yako, mtoto ameegemea kiti mgongo wote, miguu yake imekanyaga sakafu au imekaza mbele, na mhudumu amepita akaivuta fimbo isisogee.

Hatua ya 8: Ndani ya treni, sehemu kwa sehemu

Ukitoka stesheni unaingia karibu mara moja kwenye handaki linaloshuka chini ya maji. Ni giza la kweli. Kaza shingo, lakini usiikaze kama mbao: kidevu kidogo chini, kichwa nyuma. Mtu anayenyoosha shingo mbele gizani hushtukia kona na kuumia misuli.

Handaki linakutoa kisiwani, na mnyororo unakukamata kukuvuta mlima wa kwanza. Utausikia ukigonga chini ya sakafu. Huo ndio muda wa kumuuliza mtoto kama yu mzima. Kelele za mnyororo zikikoma, mteremko umefika.

Baada ya mteremko wa kwanza treni hukata kona kali moja baada ya nyingine. Kwenye kona mwili hutupwa upande wa nje. Usishindane nayo kwa mikono; shika fimbo, panua miguu kidogo, na uelemee ndani ya kona. Mtoto awe ameshika fimbo kwa mikono miwili. Wapo wanaoinua mikono juu, na wakubwa waachwe wafanye, ila kwa mara ya kwanza mikono ibaki chini. Karibu na maji utarushiwa matone kidogo. Si ya kulowesha.

Mlima wa pili ni wa kupumzika. Wa tatu una baruti: taa, moshi na kishindo ndani ya pango. Watoto wengi hulia hapa kuliko kwenye mteremko. Mzibe masikio kabla, au mhesabie: "Tatu, mbili, moja." Kishindo anachokihesabu mwenyewe hukigeuza mchezo.

Kisha mteremko mkubwa. Treni hujizungusha, inakusanya kasi, na kujitosa tena kwenye handaki la kurudi chini ya ziwa. Hapa ndipo kasi ya juu, kama kilomita 65 kwa saa. Basi la kwenda Tanga barabara ikiwa wazi hukimbia zaidi, ila basi halikimbii gizani likikaribia mwamba. Weka kichwa nyuma na mdomo umefungwa; ulimi huumwa hapa. Kona ya mwisho, breki, mwanga, stesheni.

Mwenye kichefuchefu afanye hivi tangu mwanzo: asile mlo mzito chini ya saa moja kabla, atazame mbali mahali treni inakoelekea, asitazame magoti yake, na asifumbe macho. Ukifumba macho, sikio linauambia ubongo unazunguka na jicho haliambii kitu, na tumbo ndilo linalochafuka.

Hatua ya 9: Treni ikisimama

Treni ikisimama katikati ya njia, kaa. Kuna vituo kadhaa vya breki njiani, na mfumo huruhusu treni moja tu kwenye kila kipande cha reli. Treni ya mbele ikichelewa stesheni kwa sababu abiria anashuka taratibu, ya nyuma husimamishwa ili zisigongane. Kusimama huko ni mfumo unafanya kazi yake. Usijaribu kujitoa chini ya fimbo. Kama kutembea kutahitajika, wahudumu watakuja wenyewe, watafungua fimbo na kukuongoza kwenye ngazi za pembeni.

Ikifungwa ukiwa bado kwenye foleni, uliza wahudumu kama ni dakika au saa. Wakisema hawajui, toka, panda meli au kula, huku ukiangalia programu. Mara nyingi foleni huwa fupi kabisa katika dakika 10 za kwanza baada ya kufunguliwa upya, kwa kuwa waliokuwamo wametawanyika. Radi ikipiga hufungwa pia. Mvua ya manyunyu haiizuii, na kwa kweli mimi naipenda siku ya manyunyu. Foleni hupungua, reli inalowa, na treni huonekana kukimbia zaidi.

Mtoto wa pili wa kaka yangu alirudi mwaka uliofuata. Nilimpima mara tatu jikoni bila viatu, nywele zimelazwa, kitabu ukutani: 1.06, 1.06, 1.06. Pale mlangoni fimbo ilishuka ikamgusa utosini ikakwama. Aliomba tukae "derrière."